Wimbo Uliosimama Kona ya Kutua

Mimi ni Muislamu, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na wimbo nitakaousimulia ni wa Kikristo, tena Kilatini kitupu. Lakini niamshe usingizini hata leo, nitakuimbia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale pa kusimama nitasimama. Wala usinikodolee macho. Kila mwanamke wa Namkonda wa rika langu anaujua, awe wa msikitini au wa kanisani, kwa sababu hatukufundishwa kanisani. Tulifundishwa kwenye njia ya maji.

Namkonda iko ukingoni kabisa mwa uwanda, mbele ya Newala, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kuporomoka bondeni. Muhogo unakubali, mikorosho inakubali, ming'oko ukiichimba porini unaipata. Maji ndiyo hakuna. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza habari za bomba zilikuwa zimeanza kusikika Newala mjini, nasi tukizisikia kama mtu asiye na nauli anavyosikia habari za Maka. Maji yetu yalikuwa chini bondeni, na njia ya kuyafuata ilishuka kwa kona baada ya kona. Kushuka si kazi, mtungi mtupu. Kupanda ndiko kulikotuzeesha.

Katikati ya mlima palikuwa na kona moja pana, yenye jiwe bapa na kivuli kidogo. Tuliiita Kona ya Kutua. Hapo kila mwanamke alitua mtungi wake akavuta pumzi. Sasa, mtungi uliojaa hujitwiki mwenyewe, lazima mwenzio akunyanyulie. Na aliyekwisha kutwikwa hawezi kuinama amnyanyulie mwingine. Kwa hiyo kila siku mmoja wetu aliwatwika wenzake wote, na yeye akabaki chini, mtungi miguuni, hana wa kumtwika. Sheria yetu ilikuwa kwamba hakuna anayeondoka. Wenye mizigo wanasimama vilevile na mizigo yao kichwani, jua liwake, shingo ziume, mpaka atokee mtu anayeshuka na chombo kitupu, amtwike yule wa mwisho. Ndipo mnaondoka pamoja. Aliyewahi kumwacha mwenzake pale alitungiwa wimbo unyagoni, na wimbo wa unyagoni haufutiki hata ukihama wilaya.

Basi huyo Nikolao. Nikolao alikuwa mtani wangu, ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo nina haki ya kukuambia kwamba alikuwa na miguu mifupi kama ya kigoda, na sauti ambayo Mungu aliikusudia mtu mwingine, mkubwa zaidi, akakosea mlango. Ujanani alisoma kwa mapadre akitaka kuwa mmoja wao. Kisha akamwona Severina, na upadre ukaishia hapo. Akarudi Namkonda akawa katekista na mwalimu wa kwaya.

Kwaya yenyewe ndiyo iliyokuwa haipo. Wanaume walikuwa wamekwenda kwenye mikonge ya Lindi, au walikuwa wamekwenda na hawakurudi. Waliobaki ni wazee wawili na kijana mmoja mwenye kigugumizi. Nikolao alitaka wimbo huu uimbwe wakati watu wanapokwenda kupokea Komunyo, kama alivyousikia kwa mapadre akiwa mdogo. Akawafuata wanawake.

"Nafasi tutaitoa wapi, Baba Anastasia?" wakamwambia. "Asubuhi maji, mchana shamba, jioni maji."

"Basi nitakuja kwenye maji," akasema.

Akaja kweli, mwanamume mzima, debe kichwani juu ya ngata ya mkewe. Wanaume wachache waliokuwapo walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Aliukatakata ule wimbo kwa kona. Toka kisimani mpaka kona ya kwanza, kipande kimoja. Kona hadi kona, kipande kingine. "Pumzi ikiisha, kona imefika," alikuwa akisema, na kweli ulikuwa unaenda hivyohivyo. Ni wimbo usio na ngoma wala makofi, sauti moja tu inayopanda taratibu, inapumzika, inapanda tena. Mwanzoni niliona ni wimbo wa watu wenye njaa. Baadaye nikaona kwamba nikiuimba mtungi haunilemei sana. Nikamuuliza maana yake. Akaniambia wanausalimu mwili, mwili uliozaliwa na mwanamke na ukaumizwa kweli, na mwisho wanaomba wauonje kabla hawajaingia kwenye mtihani wa kufa.

"Nyinyi hata dua zenu zina chakula," nikamwambia.

"Na nyinyi pilau ya maulidi mnaila mkiwa mmefumba macho?" akanijibu.

Tukifika Kona ya Kutua tulitua, tukatwikana, tukamngojea wa mwisho atwikwe. Kisha Severina, mkewe Nikolao, alinyanyua kipande kinachofuata kwa sauti yake nyembamba iliyonyooka, nasi tukamfuata kupanda. Ndivyo tulivyojifunza, ndivyo ulivyotuingia. Na wenzangu Wakristo walipouimba kanisani, wakifika kipande kile walinyamaza. Walinyamaza muda wa kutua mtungi, kutwikana na kungoja. Kisha Severina ananyanyua, wanaendelea.

Padre Silvano hakuweza kuuvumilia ukimya ule. Huyu alikuwa Mzungu aliyekuja baada ya vita, mwembamba, anapanda na kushuka uwandani kwa pikipiki iliyomjaza vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mtu mwema, nasema mapema msije mkamchukia. Aliosha vidonda vya watu kwa mkono wake, na alilima muhogo wake mwenyewe, vibaya sana. Ila alipenda kitu kiwe kama kilivyoandikwa. Yuko katikati ya kugawa Komunyo, mara wimbo unakatika, anageuka kama mtu aliyezimikiwa na taa. Baada ya Misa alimfungulia Nikolao kitabu, akagonga ukurasa kwa kidole.

"Hapa hakuna kusimama. Mbona wanasimama?"

Nikolao akawaambia wanawake wasisimame. Wakaitikia vizuri kabisa. Jumapili wakasimama. Sauti walikuwa nayo mdomoni, lakini wimbo walikuwa nao miguuni.

Jumamosi moja Padre akaamua kwenda kuona mwenyewe hiyo njia. Alitukuta Kona ya Kutua, mitungi kichwani, tumesimama kimya kama watu wa picha. Siku hiyo wa mwisho nilikuwa mimi.

"Shikamoo, Padre," tukamwamkia.

"Marahaba. Mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe," nikasema. "Wewe ndiye unayeshuka. Nitwike."

Alitazama nyuma yake kuona kama naongea na mwingine. Nikamweleza sheria yetu: aliye wa mwisho hatwikwi na wenye mizigo, anatwikwa na anayeshuka mikono mitupu, na mpaka hapo hakuna anayekwenda. Akatazama shingo za wanawake wale zilivyokakamaa. Akainama, akashika mtungi wangu, na kwa kuwa hakujua kushika akajimwagia maji kifuani mpaka kanzu yake nyeupe ikamganda. Lakini alinitwika. Severina akanyanyua kipande kinachofuata, tukaondoka. Nilipogeuka kwenye kona ya juu bado alikuwa pale, amelowa, ametoa kile kitabu chake na anakitazama. Tangu siku hiyo hakumgombeza Nikolao tena kwa habari ya kusimama, ingawa hakuacha kugeuka.

Sasa nije kwenye lililotuuma. Binti yao mkubwa, Anastasia, alivunja ungo, na wakati wa kiangazi akaingizwa chiputu, unyago wetu wa wasichana. Padre alikuwa ameukataza kwa Wakristo wake. Alisema mimbarini kwamba mzazi atakayempeleka mtoto atafungiwa Komunyo mpaka aungame na kuahidi mbele ya watu kwamba hatarudia. Alipopata habari alikuja Namkonda uso umemwiva, akamwita Nikolao.

Kwa Wazungu baba ndiye mwenye nyumba, na aliye ndani ya nyumba ni wake. Kwetu sivyo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Aliyeamua Anastasia aingie chiputu ni Alfani, kakake Severina, Muislamu kama mimi, ambaye Padre hakuwa na cha kumfungia. Na aliyemshika mtoto mkono alfajiri akampeleka ni Severina mwenyewe. Nikolao siku hiyo alikuwa Newala kununua chumvi. Baba wa watoto wetu ni mgeni anayeheshimiwa sana. Anakula vizuri, hatoi amri.

Lakini Padre alipomuuliza, "Nani aliruhusu?" Nikolao akajibu, "Mimi."

Basi akafungiwa. Kila Padre alipokuja kusomea Misa kigango chetu, Nikolao alisimama mbele, akaanzisha ule wimbo wa kuusalimu mwili, akawaimbia watu wote mpaka mezani, na yeye hakwenda. Severina alikwenda. Alipiga magoti, akapokea, akarudi mahali pake macho chini. Nyumba yangu ilikuwa jirani na kanisa, na madirisha yale hayakuwa na vioo wala milango, kwa hiyo niliyaona haya yote nikikuna nazi. Niliona uchungu, sitaficha. Mtu anapika, anapakua, anawaita watu, halafu yeye mwenyewe anaambiwa akae nje.

Baadaye akaanza kukohoa. Kwanza tulimtania kwamba Kilatini kimemkwama. Kisha ikaja damu, na utani tukauweka chini. Akapelekwa Newala, mganga akamsikiliza kifua, akasema aende hospitali kubwa ya misheni huko chini upande wa Masasi, akakae miezi, na yawezekana watamfungua kifua. Siku zile mtu akifunguliwa kifua tulimuaga moja kwa moja. Lori la Mahmudu, mfanyabiashara wa Newala, lingemchukua Jumatatu, siku moja baada ya Wakristo kuadhimisha Sikukuu ya Mwili wa Kristo.

Padre alikuja mapema wiki ile. Walikaa barazani kwa Nikolao, na kati ya baraza ile na jiko langu palikuwa na ua wa mabua tu. Sikusikiliza, nilisikia.

"Nikolao, unakwenda mahali pa hatari," Padre alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nataka uende umepokea. Sikudai mengi. Ungama, na uniahidi kwamba Getrude hatakwenda chiputu. Neno moja tu."

Getrude alikuwa binti yao mdogo.

"Siwezi kuahidi, Padre."

"Kwa nini?"

"Siwezi."

"Huo ni ukaidi!"

"Ndiyo, Padre."

Nikasikia kiti kikisukumwa. Padre alipopita mbele ya jiko langu nilimwona anafuta macho kwa kiganja, na si vumbi, maana pikipiki ilikuwa bado haijawashwa.

Nilivuka ua na mwiko wangu mkononi. "Wewe mguu wa kigoda," nikamwambia, "umelogwa? Kwa nini humwambii kwamba Getrude si wako wa kuahidi? Mwambie ni wa Alfani!"

"Nikisema hivyo ataniuliza, na Anastasia alipelekwa na nani?"

"Si umwambie!"

"Severina atafungiwa." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Sikiliza, Mama Nurdini. Mimi nikikosa ule mkate, ninao wimbo. Jumapili nikiimba, najisikia kama mtu aliyekaa karibu na jiko, hali, lakini harufu anaipata. Severina akikosa mkate hana kitu. Nami nakwenda. Unataka nimwache hapa peke yake, na njaa hiyo?"

"Na ahadi? Si ungeahidi tu, uongo kidogo, ukapokea?"

"Nimeshasema uongo mmoja. Huo unatosha."

Nikarudi jikoni nikakuta maharage yangu yameungua, nikayalaani maharage. Nilikuwa na hasira na Padre, na Nikolao, na Alfani aliyekuwa akipiga bao kwa raha zake. Zaidi ya wote nilikuwa na hasira na Severina. Nilimwona kisimani kesho yake akichota maji, mtungi umejaa unamwagika na yeye anaendelea kumimina. Nikamwonea huruma badala yake. Mumewe alikuwa amemwapisha asiseme.

Siku ya sikukuu watu walitoka Namkonda nzima na vijiji vya jirani. Waliandamana na maua, Padre amebeba Sakramenti chini ya kitambaa cha dhahabu kilichoshikwa na wazee kwa fimbo, wakapita mbele ya mlango wangu, nami nikafagia uwanja wangu kwa ajili yao kama inavyompasa jirani. Kisha wakaingia kanisani kwa Misa. Mimi na Alfani tukasimama dirishani. Alfani alikuja kwa sababu shemeji yake anasafiri kesho, ndivyo alivyosema.

Waimbaji walikuwa wakipokea kwanza, wapate kuwaimbia wengine. Siku hiyo wanawake walikwenda, wakapokea, wakarudi kwenye mabenchi yao. Severina alikwenda nao mpaka kwenye kizuizi cha ubao, akapiga magoti. Padre alipomfikia, Severina akatikisa kichwa. Hakufungua mdomo. Padre akasita, akampita. Nikamshika Alfani mkono.

Nikolao akaanzisha. Ile sauti ya mtu mkubwa ilikuwa imepungua, ina mkwaruzo, lakini ilisimama. Wanawake wakaingia chini yake wakaibeba. Watu wakaanza kwenda mezani, safu baada ya safu, na wimbo ukapanda kona kwa kona. Nami pale dirishani midomo yangu ilikuwa inakwenda yenyewe. Wakafika Kona ya Kutua. Wakanyamaza.

Muda wa kutua ukapita. Muda wa kutwikana ukapita. Tukangoja Severina anyanyue. Hakunyanyua.

Nikolao akamtazama, akainua mkono kidogo. Severina alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Nikolao akajaribu kunyanyua mwenyewe kile kipande. Hakuna aliyemfuata, hata mmoja, na kikohozi kikamkata katikati. Watu husema wanawake wale walipanga. Hawakupanga. Niliwafahamu wote, kupanga jambo kimya kimya hawawezi. Ila kila mmoja alijua kwamba hapo haondoki mtu, na alijua ni nani hajatwikwa.

Kanisa likanyamaza kabisa. Aliyekuwa amepiga magoti akabaki amepiga magoti. Mtoto mmoja akalia, mama yake akamziba kwa titi. Padre alikuwa juu kwenye ngazi ya altare, chombo mkononi, amegeuka kama kawaida yake, lakini safari hii hakuona ukimya ukiisha.

"Nikolao," akasema, "endeleeni."

Severina ndiye aliyejibu. Mwanamke kusema kanisani wakati wa Misa, siku zile, ilikuwa kama kuvua nguo. Sauti yake ilikuwa ileile nyembamba.

"Hatuwezi, Padre. Mmoja hajatwikwa."

Padre alimwelewa. Nilimwona alivyomwelewa, kwa sababu alijigusa kifuani pale yalipommwagikia maji. Akasema polepole, "Anajua ninachomdai."

"Unamdai asiyehusika. Mtoto ni wa ukoo wangu. Kaka yangu ndiye aliyesema aende, na mimi ndiye niliyempeleka. Huyu hakuwapo, na hata angekuwapo asingeulizwa. Alichukua mzigo wangu akajitwika, akaniapisha ninyamaze. Leo natua." Akawaonyesha wenzake kwa mkono. "Sisi sote hapa tuna mizigo kichwani, Padre. Wewe ndiye unayeshuka."

Kisha akatoka kwenye benchi la waimbaji, akapita katikati ya watu wote, akaenda kuketi benchi la nyuma, lile la waliofungiwa. Hakuna aliyemtuma. Kando yangu Alfani, mtu mzima mwenye kauli juu ya ukoo mzima, alikuwa analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Padre aligeuka akatupa mgongo. Akaweka chombo juu ya altare, akakifunika. Nikajua Misa imekwisha na Nikolao anakwenda na njaa yake. Lakini Padre akashuka zile ngazi, akaenda kwenye kiti cha kitubio pembeni, akavaa mshipi wa zambarau shingoni, akaketi. Akamtazama Nikolao.

Nikolao hakutikisika. Hapo mimi sikuweza kujizuia.

"Nenda basi, mguu wa kigoda!" nikamwitia dirishani. "Unataka ubebwe?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha machozi, na Nikolao akaenda. Akapiga magoti. Aliyoyasema hayakuwa marefu, hayakuzidi kipande kimoja cha wimbo. Niliona Padre anainamisha kichwa na mabega yake yanatikisika, nikashindwa kujua kama analia au anacheka. Akanyanyua mkono akamfanyia ishara ya msalaba. Kisha akarudi altareni, akachukua hostia moja, akashuka nayo mpaka pale pale Nikolao alipokuwa, akampa.

Kutoka benchi la nyuma, Severina akanyanyua kipande kinachofuata. Wanawake wakamfuata wote, na nikaimba na mimi kwa sauti, Mungu anisamehe kama kuna la kusamehe.

Asubuhi ya Jumatatu lori la Mahmudu lilipokuwa linapakiwa, nilimpelekea Nikolao mihogo ya kuchemsha na samaki mkavu. Alikuwa amekaa juu ya magunia, mdogo kweli, lakini uso umemnawiri.

"Mtani," nikamwambia, "utakwenda na siri? Uliungama nini jana? Mtoto unyagoni hukumpeleka wewe. Ahadi hukutoa."

"Niliungama uongo," akasema. "Nilimwambia Padre kwamba ni kweli nilimdanganya. Nilimdanganya kwamba mimi ni bwana nyumbani kwangu."

Nilicheka mpaka nikashika gurudumu. Naye akacheka, akakohoa, akacheka tena, na lori likaondoka naye kuelekea mteremkoni. Walimfungua kifua kweli. Alirudi baada ya masika mbavu zikiwa pungufu na sauti nusu, na hiyo nusu ikatosha kanisa. Lakini siku ile sikujua hayo. Nililitazama vumbi la lori nikalia nikijua nimemuaga.

Padre alipokuja tena kusomea Misa, Severina alikuwa bado benchi la nyuma. Alikuwa amemwambia Padre barazani, mimi nikisikia, kwamba kuficha kwake ataungama hata leo, ila Getrude hawezi kumwahidia, maana mtoto si wa mtu mmoja, ni wa ukoo. Padre alikaa na chai yake mpaka ikapoa.

Siku hiyo wimbo ulianzishwa na Magdalena, mama mmoja mwenye sauti nene, kwa kuwa Nikolao hakuwapo. Watu wakaenda mezani. Wimbo ukapanda vizuri, kona kwa kona, ukafika Kona ya Kutua. Wanawake wakanyamaza. Muda wa kutua ukapita, na wa kutwikana. Hakuna aliyenyanyua.

Wamesimama pale, shingo zimekakamaa, kama walivyokuwa wakisimama na mitungi. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma, hakukuwa na haja. Padre Silvano naye hakukitazama kitabu. Alitazama benchi la nyuma. Akafunika chombo chake, akakiacha juu ya altare, akashuka.